Ubao wa Baba Mkwe Uko Chini ya Theluji Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mtu atafukuzwa kazi kwa kosa langu mimi, na mimi nimekaa kimya kama sijui kitu.

Nimeolewa kwenye familia ya maseremala. Karakana ni ya baba mkwe, mimi napiga msasa na vanishi kwenye kibanda cha nje, na ndani kuna fundi wa pili tunayemwita Inchi kwa sababu hata mlango wa choo lazima aupime mara tatu. Mwezi uliopita nikasema mwaka huu tusimamishe mti wa Krismasi wa mbao pale getini wateja wauone, nikapekua kwenye mabaki, nikakuta nyuma ya rundo ubao mmoja mrefu, mweusi kwa uchafu, una mikwaruzo na mistari ya penseli kama mtoto kauchezea, basi nikaukata vipande saba, kirefu chini kifupi juu, nikavipigilia kwenye nguzo, nikapaka rangi ya kijani, halafu ikaja theluji, na theluji hiyo mshauri nilitengeneza kwa mikono yangu, nilichukua yale maboya meupe yanayokuja ndani ya boksi la televisheni nikayakwaruza kwa kikwaruzo cha karoti mpaka jiko zima likawa jeupe, nikachanganya na gundi ya mbao na rangi nyeupe, nikabandika juu ya kila kipande, ikakauka ikawa ngumu hata mvua haikuitoa. Watu walisimama kupiga picha. Baba mkwe, ambaye hasifu kitu, alisema, "Huyu mkwe wangu ana mikono," na tangu hapo chai yake anainywea pale pale kando ya mti.

Jumatatu akaanza kutafuta ubao wake wa vipimo. Mimi sikujua hata kama upo. Kumbe yeye hatumii futi, kila kiti na kila kitanda alichotengeneza tangu ujana wake alama zake ziko kwenye ubao mmoja, yeye na Inchi wanalaza mbao juu yake, wanahamisha alama, wanakata. Siku waliyosugua sakafu aliusogeza nje, nyuma ya rundo. Alipoueleza ulivyo nikajua ni ule ule nilioukata.

Sasa anasema Inchi kauiba, kwa kuwa Inchi aliwahi kusema siku moja atafungua karakana yake. Alimwambia mbele ya wateja, "Umekula hapa miaka kumi na miwili, leo unanikata mikono! Jumamosi ubao uwe hapa, la sivyo usikanyage tena." Baadaye Inchi alinifuata kibandani akaniuliza, "Shemeji, na wewe unaamini nimeiba?" Nikamwambia Mungu anajua. Akaondoka bila hata kuaga.

Mume wangu nimemwambia, akasema nifunge mdomo, sikukuu ikipita tutauchoma huo mti na mambo yataisha. Mshauri, kila nikimwona baba anapuliza chai yake hatua mbili kutoka kwenye ubao anaoutafuta nakimbilia kibandani. Nikisema, nitaonekanaje mbele ya wakwe? Nikivibandua vile vipande kesho akienda kwa daktari, nikavirudisha nyuma ya rundo kimyakimya, si itakuwa sawa?

Mpiga Vanishi

*

Dada Mpiga Vanishi,

Barua yako nimeirusha mbele ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo Jumamosi. Pole. Kukata ubao mchafu uliotupwa kwenye mabaki si dhambi, hata mimi ningeukata. Ingekuwa umeniandikia Jumatatu asubuhi ningekufuta machozi na tungecheka pamoja.

Lakini hukuandika Jumatatu. Mtu mzima alikujia akiwa amevuliwa heshima, akakuuliza swali moja tu, nawe ukamsingizia Mungu jibu. Mungu anajua, sawa. Na wewe je? Hapo ndipo ajali yako ilipogeuka kosa, na hapo sikubembelezi.

Huo mpango wa nyuma ya rundo utupe. Ubao uliopotea ukarudi wenyewe ukiwa vipande saba vya kijani vyenye theluji, mkweo atamuuliza nani? Inchi tena! Na mumeo mwambie nimesema aweke kiberiti chini. Anachotaka kuchoma ni maisha yote ya kazi ya baba yake, ili ninyi wawili mlale vizuri.

Sasa fanya hivi. Usiguse theluji. Najua nyie watu wa vanishi mkono unawawasha kushika thina, iache, itayeyusha maboya na kuondoka na penseli pia. Ng'oa misumari taratibu, andika namba nyuma ya kila kipande, kimoja mpaka saba, kwa jinsi vilivyofuatana kwenye ubao. Kusafisha waachie mkweo na Inchi. Sikudanganyi, alama nyingine zimeliwa na rangi na msumeno. Lakini hebu fikiri, ni nani mwingine aliyelaza mbao juu ya ubao ule kwa miaka kumi na miwili? Mtu pekee anayeweza kukaa na mkweo wakazikumbuka zilizofutika ndiye huyo anayefukuzwa. Akitoka getini, baba amepoteza ubao mara ya pili, na safari hii haurudi.

Utaonekanaje? Vibaya, kwa wiki moja au mbili. Baba atafoka, pengine chai atainywea ndani. Utavumilia. Na fanya haraka, maana gazeti hili ndilo linalofungiwa misumari dukani, na mkweo akilifungua kabla hujafungua mdomo, mimi simo.

Neno la mwisho, na hili usilipunguze. Utashawishika kumnong'oneza baba peke yake sebuleni, umepiga magoti, yaishe kifamilia. Hapana. Inchi alitukanwa mbele ya wateja, asafishwe mbele ya wateja, karakana ikiwa imejaa, Inchi akiwa amesimama hapo anasikia kila neno. Ukisema chumbani, baba atamrudisha kazini kweli, ila machoni mwa watu atarudi akiwa mwizi aliyesamehewa.