Moshi wa boti la faiba

Marselina mbona hupokei simu? Basi soma. Niko nje ya ukumbi hapa Kashaulili, sendofu ya Suzana inaendelea, nimeshindwa kukaa.

Mzee Krispini wa Karema kapewa maiki. Unajua kasema nini?? Kasimulia boti lake la faiba lilivyopasuka mwaka tisini na sita, akamwita baba yetu, maana baba ndiye aliyekuwa anachomelea mabeseni na ndoo za plastiki za mji mzima.

"Kassiani akapasha chuma, akakandamiza kwenye ufa kama anaziba beseni! Tunasubiri iyeyuke ishikane, wapi! Faiba inaungua tu, moshi mweusi tii!"

Ukumbi mzima kicheko. Akarudia tena, eti moshi mweusi tii!

Na baba akacheka. Marselina, baba alicheka huku kang'ang'ania kiti.

Maana Krispini kaishia kwenye moshi. Hajasema baba alimwambia hapa hapajashika, usilishushe ziwani. Hajasema yeye mwenyewe alipaka lami juu akalishusha hivyo hivyo, na baba mdogo Abednego akiwa ndani. Abednego hakurudi.

Suzana anajua Abednego, baba yake mzazi, alizama. Kwamba ni boti hilo hilo alilochomelea baba, hajui. Baba kamlea tangu ananyonya na hajawahi kuthubutu kumwambia.

Sasa hivi namwona Suzana dirishani kamfuata baba, kamkumbatia, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Baba jamani, mbona hii hukuwahi kunisimulia?"