Meza ya Baruti ya Mwanaidi

Jumatatu, 8 Oktoba 2012
Unga umeumuka vizuri. Vitumbua sitini kabla ya saa moja. Mwanaidi kala vinne, kaenda kazini. Wiki hii na ijayo tu, halafu bosi wake, Mzee Hendrik, ataamua: apewe meza ya baruti peke yake, au arudi kuuza mbele dukani.

Wanajaza upya risasi za bastola, za watu wanaoshindana kulenga shabaha. Maganda hamsini yanasimama kwenye kibao cha matundu, kila moja linapata baruti yake, kidogo tu, kama iliki ya chai. Anayepima ni mwanangu. Huku ugenini, mtaa mzima wa Berea, nitajie mwingine.

Mijakaranda imechanua. Mtaa wote zambarau. Natembea kama niko usingizini.

Jumatano, 10 Oktoba
Saluni. Jirani yangu Mama Zuhura kasema, "Binti wa Tanga na baruti, wapi na wapi?" Nikamjibu, "Wako anapima nini? Vocha za simu?" Wakacheka wote. Nimefurahi mpaka sasa.

Jumamosi, 13 Oktoba
Nimempelekea pilau kazini. Teksi mbili. Nimemkuta mezani, kanipa mgongo, mkono unakwenda taratibu kama anafuma. Nikaita, "Mwanaidi mwanangu." Akaacha kila kitu, akageuka, shikamoo na magoti kayakunja kidogo. Nikamuuliza kifua, usingizi, kama kala. Akajibu yote. Mzee Hendrik anatazama. Aone binti aliyelelewa.

Nimerudi nyumbani naelea.

Jumapili, 14 Oktoba
Mwanaidi hali chakula. Nimembana mpaka kasema. Jana nilipoondoka alimulika maganda kwa tochi, ndiyo kanuni, kabla ya kupachika vichwa vya risasi. Moja limejaa kuliko wenzake. Ni lile aliloliacha aliponigeukia. Aliporudi alilimiminia mara ya pili. Ganda la bastola linameza baruti mara mbili na wala halimwagiki. Ukilifyatua, bastola inapasukia mkononi mwa mtu.

Mzee hakufoka. Kamwaga yote hamsini, kamwambia aanze upya. Jumamosi ijayo atakaa amtazame, ndipo aamue.

Mwanaidi kaniambia, "Mama, nikiwa mezani usinisalimie. Na mimi sitaitika."

Nimeumia. Miaka ishirini na mbili namfundisha kuamkia. Kwetu mtoto asiyeamkia huulizwa kama ana mama. Nikanuna. Nikaosha vyombo vilivyo safi.

Kosa ni langu. Naliandika hapa maana kwa mdomo sijaweza.

Jumanne, 16 Oktoba
Namimina unga, Mama Zuhura huyo, hodi hodi, habari za asubuhi, za kazi, za binti. Niliporudi kwenye chuma nikamimina kwenye tundu lililokwisha kujaa. Unga ukafurika mpaka motoni. Nikaduwaa pale na upawa mkononi. Kitumbua kinakwambia. Baruti inanyamaza.

Jioni nimemsimulia Mwanaidi. Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kasema ukikatizwa usibahatishe. Unamwaga, unaanza upya. Na mezani chupa moja tu ya baruti, aina zisije zikachanganywa.

Samahani sijaomba. Nimemkaangia samaki.

Alhamisi, 18 Oktoba
Nimeota maganda yamechipua maua ya zambarau, hamsini, safu kwa safu. Nataka kuyaita, naogopa. Mchana kutwa nimekuwa hivyohivyo. Robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, nikavuka. Eish, nimetukanwa.

Jumamosi, 20 Oktoba
Pilau tena. Nimesimama mlangoni, bakuli mkononi, mdomo nimeufunga. Mwanaidi yuko mezani, Mzee kaketi nyuma yake.

Mzee akaita, "Mwanaidi." Kimya. Mkono haukusita. Akaita tena kwa nguvu. Kimya. Mimi ndiye niliyetaka kumwitikia.

Nje maua yanadondoka juu ya magari, hayana sauti. Nikayatazama. Pilau likapoa.

Mwanaidi akalimiminia ganda la mwisho. Akafunga chupa. Akashika tochi, akainama, safu kwa safu. Akarudia. Mzee akachomoa ufunguo wa kabati ya baruti kwenye mnyororo wake, akauweka mezani karibu na kiwiko cha mwanangu, akaenda zake kutafuta kahawa.

Ndipo Mwanaidi akageuka. Alijua nipo tangu mwanzo, kwa harufu ya pilau.

"Shikamoo, Mama."

Marahaba yangu siku zote ni ndefu, ina maswali kumi nyuma yake. Leo ilikuwa neno moja.