Kile Kijiwe Ulichokitia Mdomoni

Mama, shikamoo. Najua hutaitikia marahaba, lakini mdomo umezoea, siwezi kuanza vinginevyo.

Majibu ya kile kijiwe yamefika. Umenishinda, mama. Ungekuwapo ungenicheka mpaka kanga ianguke.

Unaikumbuka siku ile ulipoingia mpaka ndani ya banda letu la kazi, hapa Palma, na bakuli la wali wa nazi na pweza umelifunga kwa kitambaa? Mezani nilikuwa nimepanga vipande vya udongo mgumu vilivyoletwa na mashine ya kuchimba gesi, kutoka chini kabisa ya sakafu ya bahari. Hukuuliza mtu. Ukachukua kimoja ukakitia mdomoni, kama ulivyokuwa ukifanya bondeni kabla ya kuchota udongo wa mitungi yako. Ukakaa nacho, ukakitoa kizima, ukasema, "Huu umeshaona moto. Hata uulilie haulainiki."

Aibu iliyonishika, Mungu anisamehe! Siku hiyo alikuwapo mgeni, bwana mkubwa kutoka Maputo, viatu vinang'aa. Akaniuliza kwa Kireno, huyu nani? Mimi, binti yako wa pekee, uliyenisomesha kwa mitungi, nikamjibu kwa Kireno hicho hicho: ni mwanamke anayetuletea chakula. Shefe, mkuu wangu wa kazi, alikuwa pale pale, akainamia karatasi zake. Wewe ukakunja kitambaa chako, ukaaga, ukaenda zako. Nikajipa moyo kwamba Kireno hukijui.

Sasa sikiliza majibu. Udongo ule zamani ulikuwa tope tu, tope la Ruvuma, laini, lenye kunywa maji na kuvimba kama la bondeni kwetu. Mto ukalimwaga baharini, tope jingine likaja juu yake, na jingine, miaka isiyohesabika. Kadiri lilivyozikwa ndivyo joto la chini lilivyozidi, likayakamua maji yaliyojificha katikati ya tabaka zake nyembamba, mpaka tope likageuka udongo wa namna nyingine kabisa, usiovimba tena. Ndiyo maana tunaupima. Unatuambia kule chini kumepata joto kiasi gani, na kama joto hilo lilitosha kupika gesi. Mashine ya Maputo ilitumia wiki nzima. Wewe ulitumia mate.

Niliposoma nililia mbele za watu. Shefe akaniuliza kuna nini, nikamtolea yote: yule mwanamke wa chakula alikuwa mama yangu, amekufa na sijamwomba radhi. Akaziweka kando karatasi zake. Kisha akasema, "Najua. Siku ile alipofika mlangoni aliniambia mwenyewe, kwa Kireno: mimi ndiye mama yake, nimekuja kuona anapofanyia kazi."

Kwa Kireno, mama!

Tangu siku ile hukuingia tena bandani. Kila mchana ulileta chakula, ukakiacha getini kwa mlinzi, ukarudi. Nilijiambia miguu inakuuma. Tena nilifurahi, mama, nisikufiche, nilifurahi kwamba huingii. Na hukuacha kuleta hata siku moja, mpaka homa ilipokulaza.

Bonde letu la udongo, kule upande wa Afungi, watu wa gesi wamelizungushia uzio. Hakuna tena anayechota. Hapa nyumbani umebaki mtungi mmoja tu ambao hukuwahi kuuchoma, upo pembeni ya jiko vile vile ulivyouacha, na alama ya kidole chako shingoni. Mama mdogo anasema niuchome uwe kumbukumbu. Sitaki. Ukishachomwa haurudi kuwa tope, na lile neno langu la siku ile nalo halirudi, jambo moja lisilorudi linanitosha. Nitauloweka, niukande, niufinyange kwa mikono yangu mwenyewe, hata ukitoka umepinda. Alama ya kidole chako itapotea, nimeshaililia hiyo.

Pumzika, mama. Mungu alipanue kaburi lako, akupe mwanga humo. Yule mgeni anarudi mwezi ujao. Nakuahidi, kabla hajakaa kitini nitamwambia, kwa Kireno kile kile ulichokisikia: yule mwanamke wa chakula alikuwa mama yangu.

Mwanao,
Amina