Asili ya Amalgamu

Jumatatu, 3 Machi 1986
Baba kaikataa posa ya Nyange. Ati asili! Babu yake alitoka bara kuja kuchuma karafuu, basi ndiyo kosa. Nyange kazaliwa hapa hapa Wawi, kasoma Kurani chuoni kwa Baba mwenyewe. Nimelia mpaka macho yamevimba, na kesho nina darasa la kufundisha.

Jumatano, 5 Machi
Jino limemshinda Baba. Nimempeleka hospitali — na anayeziba meno ni nani? Nyange! Baba kafura, lakini atakwenda wapi? Kafungua kinywa. Nyange hakugusia posa. Kasaga unga wa fedha na zebaki mpaka ukawa laini, kaziba. Baba, na ganzi yote ile, kauliza dawa hiyo inaitwaje.

Amalgamu, Maalim.

Njia nzima Baba anacheka. Kiingereza gani hicho, ni al-malgham, Kiarabu kitupu! Kanituma nitazame kamusi ya shule. Na mimi sasa nataka kujua.

Alhamisi, 6 Machi
Baba kapatia — nusu. Waingereza wamelitoa kwenye Kilatini, na Kilatini labda kwa Waarabu. Lakini chini yake pana mstari mwingine: Waarabu nao huenda walilipokea kwa Wagiriki. Malagma, dawa ya kubandika, ya kulainisha. Leo maana yake ni mchanganyiko, kumbe mwanzo wake si kuchanganya hata kidogo, ni kulainisha! Nimelisoma mara tatu, tamu.

Nimemsomea Baba. Kicheko kikakatika. Na hao Wagiriki walilipata wapi? Nikamwambia kamusi imeishia hapo. Haiwezi kuishia hapo, kasema, nikatafute kamusi nyingine.

Sijui nilipata wapi ujasiri.

“Baba, hata ukilifikisha kwa Nabii Adamu, jino lako limeshazibwa.”

Kanitazama. Kajishika shavu lenye jino.

Ijumaa, 7 Machi
Baada ya sala kamwita mshenga, Mzee Vuai, aje na Nyange. Mama kauliza kuna nini. Jino, kasema Baba. Jino gani? Asubuhi katafuna muhogo upande ule ule!

Wamefika. Naandika nyuma ya mlango. Habari za nyumbani, habari za kazi. Sasa Baba anauliza babu yake Nyange kazikwa wapi.

“Hapa hapa Wawi, Maalim. Ubavuni mwa baba yako.”

Baba anamwambia Mzee Vuai aitaje tena ile posa. Mama kanishika bega —