Yaya, Siku Ile Ulishinda Mjadala

Yaya wangu mpendwa,

Wiki hii redio haina neno jingine: nchi yetu itoke katika umoja na majirani wa mashariki, au ibaki? Mmoja anasema tunanyonywa, mwenzake anasema tukitoka tutakufa njaa. Nilisikiliza hadi chai ikapoa, kisha nikaizima. Mkwe wangu akaniuliza kama kelele zinaniumiza kichwa, nikamwambia ndiyo. Ningemwelezaje kwamba mjadala huo niliusikia nikiwa msichana, tena kutoka kinywani mwako, kaka yangu mkubwa, yaya wangu?

Unaukumbuka ufukwe wetu wa Mulongwe asubuhi, ndagala zimetandazwa mchangani? Mimi nageuza samaki, wewe unapita mbele yangu na karatasi yako, unahutubia, kana kwamba mimi na ndagala tulikuwa wabunge. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Wabelgiji walikuwa wametuunganisha na Ruanda-Urundi: pesa moja, forodha moja, na kwenda Usumbura, mji wao mkuu, kulikuwa kama kwenda mtaa wa pili. Sasa watu wa Uvira walikuwa wameitana kukutana katika darasa lako, pale ulipofundisha, wabishane kama Kongo ijitoe kabisa. Wewe ulikuwa upande wa kutoka. Ulisema Uvira ni jiko na Usumbura ni sebule. Sisi tunapika, wao wanakula.

Ulinitaka nikupinge ili ujizoeze, nami nilikupinga kwa raha zote, maana si kila siku mdogo anapata ruhusa ya kumkatiza yaya wake. Nikakuuliza: shangazi yetu aliyeolewa Usumbura, tukishaweka mpaka, atakuwa nani kwetu? Na sisi kwake? Ulisimama. Ukaanza jibu, ukaliacha, ukaanza lingine. Mwishowe ukacheka, lakini hakikuwa kicheko chako.

"Ile swali usiitoe mbele ya bantu," ukaniambia. "Itaniangusha."

Siku yenyewe watu walijaa hadi madirishani, na sisi wanawake tulikaa madawati ya nyuma. Aliyekupinga alikuwa mfugaji wa Bijombo aliyezoea kushusha ng'ombe wake kuwauza Usumbura. Alisema ng'ombe hajui Kongo ni nini, anajua majani. Watu wakacheka. Ukamjibu kwamba ng'ombe asipojua, mwenye ng'ombe na ajue. Wakacheka zaidi, na mfugaji wa watu akaketi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Katika umati wote ule ulinitazama mimi peke yangu, na macho yako yalikuwa yananiomba. Nikalimeza swali langu. Nikapiga makofi kuliko wote.

Sijidanganyi. Wakubwa wa Leopoldville hawakuwa wakingoja darasa la Uvira, na umoja ule ungevunjika hata kama ningeuliza. Lakini wewe usingeshinda. Jina lako lisingewafikia watu wa serikali, nao wasingekuchukua uwe karani wa forodha walipoweka kizuizi pale mpakani, Kavimvira. Ungebaki mwalimu. Hilo ndilo linalonila mpaka leo.

Kofia ya forodha ilikupendeza, nisiseme uongo. Mama alijivunia kofia ile hadi siku alipofika mbele ya meza yako na vikapu vyake viwili vya ndagala, na foleni ya wanawake wenzake nyuma yake. Ukamwomba karatasi. Tangu lini mama alikwenda sokoni na karatasi? Mkubwa wako alikuwa amesimama mlangoni, basi ukashika kalamu, ukamuuliza jina lake.

"Minye njo nilikuzaa," mama akasema, "na leo weye unaniuliza jina?"

Uliliandika, kisha ukamrudisha. Siku hiyo alikupakulia chakula kama kawaida, hata kichwa cha samaki akakuwekea, ila hakukusemesha. Mimi nilikununia wiki nzima. Mchuma janga hula na wa kwao, nilikuwa nikisema moyoni, nikasahau kwamba makofi yalikuwa yangu.

Kisha waasi wa kuipinga serikali wakashuka kutoka milimani. Walianza kuwatafuta makarani, kila mtu aliyefanya kazi ya serikali. Kofia ulikuwa umeshaivua, lakini uso wako nani asingeujua? Tukakimbia sote watatu, mama, wewe na mimi, kati ya watu wengi. Kavimvira tulikuta ofisi haina mtu na kizuizi chako kimeinuliwa juu. Tulipita chini yake, wala hukukitazama. Cha upande wa pili ndicho kilichokuwa kimefungwa. Askari wa kule waliwaogopa waasi, na machoni pao kila kijana wa kiume alikuwa mwasi. Wanawake walipita. Kijana alihitaji mtu wa kumshuhudia kwamba si mwasi, na askari wasiposadiki walimrudisha yeye pamoja na shahidi wake. Mbele yetu mwanamke mmoja alimshuhudia mdogo wake. Wakarudishwa wote wawili, huku bunduki zikisikika nyuma yetu.

Mama na mimi tulikuwa tumeshapita. Mama alikuwa ameketi chini mbele zaidi, amekupa mgongo, kelele za umati zimemziba masikio. Askari akakushika mkono, akatuuliza sisi tuliokwisha kupita: nani anamjua huyu? Nilikuwa hatua tano kutoka kwako. Mungu ananiona, kinywa nilikifungua. Nikamtazama mama pale chini, nikakifunga. Ukaniona nilivyokifunga. Ndipo ulipomwambia yule askari, polepole, kwa sauti yako ya darasani:

"Sina muntu hapa."

Wakakurudisha. Baadaye wengine walisema walikuona mbali ndani ya Kongo, Luberizi, wengine wakasema hukufika hata Kavimvira. Mama aliponiuliza uko wapi, nilimwambia unakuja na kundi la nyuma. Shangazi alitupokea, hakutuita wageni hata siku moja, na ni kwake mama alikufa akiwa bado anakungoja. Sikumwambia ukweli. Nani angemwambia?

Nilirudi Uvira peke yangu. Nimeolewa hapa, nimezaa, nimezika mume, na kanisani wananiachia nafasi ya mbele. Watoto wangu wana heshima, kila ninalosema wanaitikia ndiyo mama. Hujui upweke ulivyo, yaya, mpaka uishi miaka yote hii bila mtu wa kukukatalia. Juzi redio ilipokuwa ikibishana nilijikuta nimegeuka nisikie wewe utasemaje. Tutoke au tubaki, sijui. Nilitaka tu uanze, nami nikupinge.

Kaburi lako silijui, kwa hiyo sina pa kuiweka barua hii isipokuwa hapa gazetini, mbele ya watu wote. Yule askari huenda alishakufa, na hakuna anayeuliza tena. Hata hivyo nataka kumjibu. Mimi ninamjua. Ni mwalimu, ni mtoto wa mama yangu, ni yaya wangu. Huyu ana mtu. Mtu wake ni mimi.

Pumzika popote ulipo,
Mdogo wako