Mama Amemshikisha Marehemu Bunduki

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana kichwa kinaniwaka. Kaka yangu alikuwa mwanajeshi, akastaafu mapema kwa sababu ya figo, na figo hizo hizo zikamchukua mwaka jana kabla hajafika hata miaka thelathini na tano. Sasa Jumamosi ni kumbukumbu yake na mimi ndiye wa kuzungumza, na hapo ndipo balaa lilipo, kwa kuwa kaka hakuwa mpiganaji, alikuwa mpishi wa kikosi, tena hodari, wenzake wakimwita Shibe, na kwenye picha yake pekee ya vitani amesimama kando ya sufuria na upawa mkononi, anacheka meno yote nje, lakini mama kaipeleka studio, wakafuta upawa, wakafuta sufuria, wakamwekea bunduki, nayo imerudi kubwa kama mlango, iko sebuleni, na kila mgeni anaambiwa, "Mwanangu huyo, aliwatimua maadui peke yake!"

Nilipomwambia, "Mama, lakini kaka alikuwa anapika," akanijia juu: "Mimi nilizaa askari, sikuzaa mpishi!" Kisha akalia. Wenzake wa kikosi wanakuja, na mmoja aliniambia msibani kwamba walipozingirwa wakashinda na njaa, Shibe alitambaa na ndoo ya chakula cha moto mpaka kwenye handaki lao, risasi zikipita juu, na alipofika akawauliza kama chumvi imekolea. Hilo sikumwambia mama, nisije nikamtonesha. Je, nidanganye mbele ya wanaojua, au nimwaibishe mama mbele ya watu?

Ni mimi, Dada wa Marehemu

Dada, pole sana, mwaka mmoja ni juzi tu kwa aliyefiwa. Nimekuhurumia, sasa ngoja nikukaripie. Habari ya ndoo umeikalia wewe, halafu unamshangaa mama kwenda kutafuta bunduki studio? Hivi unajua maana ya kutambaa na chakula cha moto bila kukimwaga, huku unarushiwa risasi? Mwenye bunduki angalau anajibu. Huyo kaka yako mimi ningemvulia kofia, na wala sivai kofia.

Usidanganye, na mama usimwaibishe. Mpigie simu huyo askari leo, aje Ijumaa, mapema. Mkalishe na mama, amsimulie mwenyewe, na wewe ufunge mdomo. Picha usiiguse, kuishusha au kuiacha ni kazi ya mama. Hotuba yako, hata hivyo, iseme kweli tupu.

Na mama akirudia kwamba hakuzaa mpishi, mwambie amtazame vizuri huyo mgeni aliyekaa mbele yake, mzima, anaanza kuota mvi. Mvi hizo, mama, mwanao ndiye aliyezilisha.