Kontabule na Kiboko Yangu

Buyenzi, Jumanne, mwaka wa ambargo, mipaka yote imefungwa

Basi nimepata kontabule, mutu wa hesabu, wa duka yangu ya piyese, vipuri vya gari! Walikuja wawili, wote na diplome. Mi sikusoma, diplome siwezi kupima, nikawapima na hadisi yangu ya kiboko.

Wa kwanza, bwana wa Kinindo, kravati shingoni. Nikamwambia nilivuta kiboko muzima peke yangu, toka mutoni Rusizi mpaka Gatumba.

"Ndiyo, mzee! Nguvu ya zamani!"

Nikamupa chai, nikamuaga.

Wa pili, Espérance wa Musaga, akanikazia macho. "Mzee, ulivuta na kamba gani? Nani alikuona?"

Huyu ndiye! Nikamuchukua palepale.

Vita hii, mutu anatoka asubuhi bila kujua kama atarudi. Siku mi sirudi, nani atamwambia Zena, bibi niliyemuoa, ukweli wa duka? Wa ndiyo-ndiyo atamumaliza.

Nilipomusimulia, Zena akacheka mpaka machozi. "Mzee we, kiboko hiyo sikuiamini toka siku ya ndoa."

"Na ukanyamaza?"

"Nilipenda kukusikia."

Kesho nitamusimulia ya mamba.